Kuchagua kamera za usalama kwa shirika dogo: mwongozo kwa vikundi vya Kisumu, Nakuru na Magharibi

Swali la kamera zipi za usalama zinunuliwe hurudi kila mara, likiletwa na mtu mwingine. Mweka hazina wa kikundi cha akina mama anauliza kama shilingi elfu thelathini zinatosha. Msimamizi wa makao ya watoto ameambiwa na fundi kwamba anahitaji kamera nane, naye hajui aamini au asiamini. Katibu wa maktaba ya mtaa ameona kamera za waifai zikiuzwa kwa bei ya chini na anataka kujua kama zitamfaa. Nimeyakusanya majibu hapa uyasome kabla hujaingia dukani.

Nawaandikia wenye ofisi ya vyumba vichache, stoo, geti moja au mawili, na pengine mlinzi mmoja wa usiku. Mnaweza kuwa Nyalenda, Manyatta, Kaptembwa, Mumias au Busia. Mwenye kiwanja cha ekari kadhaa atahitaji mtu aje apime mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: pesa za shirika ni za wale mnaowahudumia. Kamera inayoonyesha kivuli kikipita ukutani haiwasaidii wajane ambao unga wao umeibwa. Kamera nne zinazoonyesha uso ni bora kuliko nane zinazoonyesha uwanja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mchoro wa kiwanja, hata wa kalamu kwenye karatasi ya daftari: milango, madirisha, geti, stoo, soketi za stima, na upande wa mashariki.
- Futi ya kupimia, ile ndefu ya mafundi wa ujenzi.
- Orodha ya yaliyowahi kuwapata: kilichoibwa, saa, na mahali mwizi alipopitia.
- Uamuzi wa kamati ulioandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.
- Ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi ikiwa mmepanga. Kuta zitatobolewa.
- Mkataba wa mfadhili, kama pesa ni zake. Hatua ya 6 inaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Andika maswali ambayo kamera itajibu

Usiandike "tunataka usalama". Andika: "Nani aliingia stoo Jumamosi usiku?" "Pikipiki iliyotoka getini ilikuwa na namba gani?" "Mgeni aliyekuja kumchukua mtoto alikuwa nani?" Kila swali lipewe sehemu moja kwenye mchoro. Vikundi vingi vikifanya hivi hubaki na sehemu tatu au nne tu: geti, mlango wa ofisi, mlango wa stoo, na njia ya nyuma ambayo watu huruka ukuta.

Ukishaziona sehemu hizo, angalia kufuli na taa zake. Mlango wa stoo wenye bawaba zilizolegea urekebishwe kwanza. Kamera haimzuii mtu aliyekwisha kuingia.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mfumo

Kuna aina nne ambazo utazikuta madukani.

Ya kwanza ni ya waya wa koaksia, kama ule wa antena ya TV, inayounganishwa na mashine ya kurekodi ambayo mafundi huiita DVR. Hii ndiyo ninayowashauri wengi wenu. Kamera ya megapikseli 2 (nukta milioni mbili za picha) ya aina hii mara nyingi huuzwa kwa shilingi elfu mbili hadi tatu na nusu, mafundi wanaoielewa wako kila mji, na ikiharibika moja unabadilisha hiyo moja. Haitegemei intaneti hata kidogo. Mtandao ukipotea inaendelea kurekodi.

Ya pili hutumia waya wa mtandao na mashine iitwayo NVR. Picha yake huwa bora, na kwa mfumo wa PoE waya mmoja hubeba picha na stima hadi mita 100. Bei iko juu zaidi. Ichague ikiwa mnatarajia kuongeza kamera baadaye, au kama jengo tayari lina nyaya za mtandao. Hakikisha kamera na mashine zote zinaelewa kanuni ya ONVIF, ndipo mtaweza kuchanganya chapa siku za mbele.

Ya tatu ni kamera ya waifai yenye kadi ya kumbukumbu ndani. Inafaa ofisi ya chumba kimoja, au mahali mnapopanga kwa miezi michache. Udhaifu wake ni kwamba rekodi inakaa ndani ya kamera yenyewe: mwizi akiing'oa, ameondoka na ushahidi. Tena nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, na kuta za mawe humaliza nguvu ya waifai kabla haijafika getini.

Ya nne ni ya sola na laini ya simu. Kwa shamba la mfano au kisima kilicho mbali na stima, hakuna nyingine itakayofaa. Lakini piga hesabu ya bando: picha inayosafiri kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa moja ya kuitazama. Wanakamati watano wakiitazama kila jioni kwa ajili ya kujifurahisha tu, bando la mwezi litaisha wiki ya kwanza.

Kosa linalorudiwa sana hapa ni kununua mashine ya njia 4 kwa kamera 4. Chukua ya njia 8 kama tofauti ya bei ni ndogo. Siku mkiongeza jiko au darasa, hamtatupa mashine nzima.

Hatua ya 3: Pima umbali, kisha chagua lenzi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Ili mtu ambaye hamumjui atambulike uso kwenye rekodi, kanuni ya Ulaya ya EN 62676-4 ya mwaka 2015 inataka nukta 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kumtambua mtu mnayemfahamu huhitaji 125. Kujua tu kwamba kuna mtu, 25 zinatosha. Kamera ya megapikseli 2 ina nukta 1,920 kwa upana. Gawanya kwa 250 upate mita 7 na nusu hivi. Maana yake, ukitaka uso wa mgeni, kamera hiyo isitazame eneo pana kuliko hapo.

Sasa lenzi. Ya milimita 2.8 hutazama upana mkubwa, kwa hiyo uso utatambulika mtu akiwa mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Ya milimita 4 hukufikisha mita 4 au 5. Ya milimita 6 hukupeleka mita 7 au 8. Hizo ni za mchana wenye mwanga mzuri, usiku punguza.

Mafundi wengi hubeba lenzi ya 2.8 peke yake kwa sababu inaonyesha eneo kubwa na mteja hufurahi akiona uwanja wote kwenye skrini. Siku ya kufunga picha ni nzuri. Siku ya wizi unakuta mtu wa ukubwa wa punje ya mchele. Kwa geti lililo mita 7 kutoka ukuta wa ofisi, dai lenzi ya 6. Lenzi ya 2.8 iweke ndani ya stoo au juu ya mlango, ambako mtu hupita karibu.

Ukiambiwa ununue megapikseli 5 au 8, uliza kwanza kama mashine ya kurekodi inazipokea kwa ubora huo. Nyingine hupokea kamera kubwa na kuirekodi kwa ubora mdogo, nawe umelipia kitu usichokipata.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya diski

Kamera ikirekodi kwa megabiti 1 kwa sekunde, hujaza gigabaiti 10.8 za diski kwa siku. Kamera ya megapikseli 2 iliyowekwa megabiti 2 itakula gigabaiti 21.6. Kamera nne ni 86.4. Diski ya terabaiti 1 itajaa kwa siku 11 hivi, kisha mashine ianze kufuta za zamani. Ya terabaiti 2 ni siku 23. Mashine inayotumia ufinyazo wa H.265, yaani inayoibana rekodi ichukue nafasi ndogo, inaweza kurefusha muda huo karibu mara mbili, na kurekodi wakati kuna mwendo tu huurefusha zaidi.

Ofisi inayofungwa wikendi na sikukuu isishuke chini ya wiki mbili. Upungufu wa stoo mara nyingi hugunduliwa siku ya kuhesabu, mwisho wa mwezi.

Nunua diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani haikutengenezewa kuandika usiku na mchana. Mara nyingi bei ya "mfumo kamili" unayotajiwa haina diski ndani yake, kwa hiyo uliza kwa jina.

Hatua ya 5: Stima na radi

Mfumo wa kamera nne hutumia wati 40 hivi, ukijumlisha mashine. UPS (betri ya dharura) ndogo ya 650VA itauvusha saa moja, na hiyo inatosha stima ikipotea kidogo. Kama kwenu hupotea usiku kucha, fikiria betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100. Ukitumia nusu ya chaji yake tu, una wati-saa 600, yaani saa 15. Ila usiunganishe betri hiyo moja kwa moja na kamera: ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na kamera za volti 12 zinaweza kuungua. Weka kifaa cha kuituliza ibaki 12.

Radi ndiyo adui ambaye wauzaji hawamtaji. Kakamega, Vihiga na Kisii mvua ya alasiri huja na radi nzito, na si lazima igonge paa lako. Ikipiga karibu, nyaya ndefu hubeba mshtuko hadi kwenye mashine. Fanya haya:

- Chimbieni fimbo ya ethi ya kweli, ya kupeleka mshtuko ardhini. Waya uliofungwa kwenye bomba la maji usihesabiwe.
- Wekeni vizuia mshtuko kwenye stima na kwenye nyaya za kamera za nje.
- Msivute waya wa shaba kati ya majengo mawili kama kuna njia nyingine. Waya wa nuru (faiba) au daraja la waifai haliunganishi majengo kwa umeme.
- Nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki, mbali na ukingo wa mabati.

Hatua ya 6: Masharti ya mfadhili, kisha sheria

Kama pesa ni ruzuku ya serikali kuu ya Marekani, hata ikiwafikia kupitia shirika jingine, soma mkataba kabla ya kutaja chapa. Tangu 13 Agosti 2020, kifungu cha 889 cha sheria yao iliyopitishwa mwaka 2018 kinakataza ruzuku hizo kununulia vifaa vya Hikvision, Dahua, Huawei, ZTE na Hytera. Mbili za kwanza ndizo zimejaa madukani kwetu. Ezviz imetokana na Hikvision na Imou imetokana na Dahua, kwa hiyo msidhani jina tofauti linawaokoa. Mwandikieni mfadhili na mtunze jibu lake. Mkaguzi akikataa gharama hiyo baadaye, itatoka mfukoni mwa shirika.

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Mashirika madogo yenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa usajili, lakini msamaha huo hauwafikii wanaoendesha kamera za usalama. Jisajilini kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ada kwa mashirika ya hisani ni shilingi 4,000 na cheti hudumu miezi 24. Iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo.

Bandikeni tangazo getini linalosema kuna kamera, ni za nani, na aulizwe nani. Liandikeni kwa Kiswahili na kwa lugha ya mtaa, iwe Kijaluo, Kiluhya au Kikalenjin.

Na sasa jambo ninaloliona zito kuliko bei yote. Msifunge kamera kwenye chumba cha ushauri nasaha, chooni, bafuni, mabwenini wala mahali wagonjwa wanapopewa dawa. Mama aliyekimbia kipigo nyumbani akiona kamera juu ya kiti anachokalia, hatasema alichokuja kusema, na pengine hatarudi. Zimeni sauti pia, kwa kuwa kamera nyingi siku hizi zina maikrofoni. Picha za watoto zisitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp hata kwa nia njema. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Hatua ya 7: Omba bei kwa watu watatu

Kila mmoja aandike kitu kwa kitu: kamera na lenzi yake, mashine, diski, adapta, mita za waya, viunganishi, mabomba, kazi ya mikono, na udhamini. Bei ya jumla isiyo na mchanganuo irudishwe. Utashangaa kuona kamera zenyewe si nusu ya gharama.

Luthuli Avenue kule Nairobi huenda bei ikawa chini. Lakini kifaa kikifa mwezi wa pili, nauli na siku zitakazopotea ni zenu. Kwa mashine na diski, napendelea duka la mjini mwenu ambalo mtu anaweza kulifikia kwa boda.

Waya uchunguzeni kabla haujafungwa. Kata kipande, kwaruza kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Huo hupoteza volti kwenye umbali mrefu na utawasumbua kila usiku.

Bakizeni sehemu ya malipo ya fundi hadi Hatua ya 9 ikamilike.

Hatua ya 8: Mahali pa kufunga

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua hutuingilia mashariki na magharibi mwaka mzima. Kamera inayotazama magharibi, kuelekea ziwani kwa walio Kisumu, itapofuka kila jioni saa kumi na moja. Ikiwezekana itazame kaskazini au kusini. Ikishindikana, ifungeni chini ya ukingo wa paa na muiinamishe.

Urefu wa mita 2.5 hadi 3 kutoka chini unatosha. Ikipanda zaidi inarekodi kofia.

Walio karibu na ziwa, kama Dunga au Usoma, wanawajua sami. Wadudu hao na wengine hufuata mwanga, buibui nao hufuata wadudu, na utando ukikaa mbele ya lenzi picha ya usiku hugeuka ukungu mweupe. Taa ya nje iwekwe mita chache kutoka kwenye kamera, na mtu apewe zamu ya kufuta utando kila wiki. Nakuru shida ni vumbi la kiangazi. Kitambaa laini chenye maji kinatosha.

Mashine ya kurekodi isikae mezani mwa mapokezi. Iwe ndani ya kabati la chuma lenye matundu ya hewa na kufuli, likiwa limefungwa ukutani. Wezi wanajua thamani yake.

Hatua ya 9: Makabidhiano

Usiipokee kazi kwa kuangalia skrini ya mchana. Fanyeni hivi, fundi akiwepo:

1. Badilisheni neno la siri. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Neno jipya walijue watu wawili wa kamati, na akaunti ya programu ya simu isajiliwe kwa barua pepe ya shirika. Ikiwa kwa jina la fundi, mtakuwa mkimwomba ruhusa ya kuona ofisi yenu wenyewe.
2. Rekebisheni saa na tarehe, GMT+3.
3. Mtu atembee usiku kutoka getini hadi stoo, kisha mtafute rekodi yake na kuitoa kwenye flashi. Kama uso hautambuliki, lenzi au pembe ibadilishwe papo hapo.
4. Chomoeni stima ukutani mwone UPS inavyofanya kazi, na kama mashine inaanza kurekodi yenyewe stima ikirudi.

Mambo yakienda kombo

Kamera hufanya kazi mchana na kuzima usiku. Taa zake za kuonea gizani zikiwaka huhitaji stima zaidi, na adapta dhaifu au waya mbovu haiwezi kuitoa. Pimeni volti kwenye ncha ya kamera giza likiingia. Adapta ya ampea 5 inatosha kamera nne za kawaida. Kama nyaya ni ndefu, wekeni adapta karibu na kamera.

Picha nyeupe usiku. Utando, vumbi, au ukuta ulio karibu mno unaorudisha mwanga. Safisheni kwanza, kisha sogezeni pembe.

Picha ina mistari inayopanda. Mara nyingi waya wa kamera umelazwa pamoja na waya wa stima, au kiunganishi kimelegea. Tenganisheni nyaya, kazeni viunganishi.

Saa hurudi nyuma kila stima ikipotea. Betri ndogo ndani ya mashine, kwa kawaida CR2032, imeisha. Ni ya bei ndogo. Badilisheni mapema, kwa sababu rekodi yenye tarehe ya uongo itapingwa.

Mashine inalia mfululizo na hakuna rekodi. Diski. Zimeni, kazeni nyaya zake, na ikiendelea kulia, dai udhamini.

Simu haionyeshi kitu ingawa skrini ya ofisini iko sawa. Bando limeisha au ruta imezima. Kurekodi kunaendelea, kwa hiyo hakuna haja ya fundi. Mtu akijitolea "kufungua milango ya ruta" ili muone kwa simu, mkataeni. Njia ya programu ya kampuni iliyotengeneza mashine inatosha na haiweki mashine wazi kwa dunia nzima.

Wizi umetokea. Toeni nakala siku hiyohiyo, kabla diski haijaandikwa juu, na kuwe na nakala mbili kwenye flashi tofauti. Msiikate wala kuihariri. Ripotini kituoni mpate nambari ya OB, kisha andikeni nani alitoa rekodi, saa ngapi, na kutoka mashine ipi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa, kikitiwa sahihi na mhusika wa mashine. Yule aliyeitoa ndiye atakayeitwa mahakamani, kwa hiyo awe mtu ambaye bado atakuwa nanyi mwaka ujao.